Ukili Alioufumua

Miaka ya themanini nilifundisha shule ya msingi Takaungu, na alasiri nikawaongoza skauti wasichana. Mwaka mmoja tuliamua kusuka mkeka mkubwa wa akina mama wanaojifungulia zahanati. Kila msichana angesuka ukili wake, ukanda mrefu wa majani ya mkindu, kisha tuzishone kili zote pamoja.

Mmoja wao, mtoto wa miaka kumi, alileta ukili uliopindapinda.

"Fumua, uanze upya," nikamwambia mbele ya wenzake.

"Mwalimu, leo mikono yangu haina nguvu."

"Huo ni uvivu tu."

Wenzake wakacheka. Akainama, akaufumua wote.

Wiki iliyofuata hakuja. Homa ilimzidi, akapelekwa hospitali Kilifi, na huko akafariki.

Baada ya matanga mama yake alikuja shuleni na ukili ameukunja vizuri mkononi.

"Aliusuka kitandani," akasema. "Nikimkataza, ananiambia mwalimu anautaka ulionyooka. Tafadhali, muushone pamoja na za wenzake."

Nilitaka kumweleza nilivyomtendea mwanawe, lakini sikuthubutu. Nikasema tu, "Pole sana, mama. Tutaushona."

Wasichana waliushona. Mimi nilitoka nje, nikalia nyuma ya darasa.

Mkeka ulifika zahanati. Mama yule nilikutana naye mara nyingi sokoni, na kila mara alinishukuru kwa kumfunza bintiye kazi ya mikono. Kila mara niliipokea shukrani ile, nikanyamaza.