Barua kwa Jina la Marehemu

Marehemu mume wangu alikuwa hapendi makuu. Hata barua pepe tulizisoma kwa programu ya maandishi matupu, haina picha wala vitufe, kila kitu unaiamuru kwa kuandika. Alisema mtandao wa huku Mlingotini haubebi mapambo. Haya, nikazoea.

Alipofariki, nikakaa eda ndani, kama ilivyo sheria. Binti yetu anasoma ng'ambo. Maziko hakuyawahi, maana kwetu maiti halazwi. Siku moja nikamwandikia kwa programu ileile kumjulia hali. Mara simu ikaita, mtoto analia kwa kwikwi: "Mama, nimepata barua ya baba!"

Lahaula! Kumbe kila nilichotuma kilikwenda kwa jina la baba yake. Iliniuma sana. Nikaapa mwanangu hatalipata tena jina lile kwenye barua zangu.

Aliyeijua programu ile ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu, na eda hairuhusu nikae naye chumba kimoja. Basi yeye barazani, mimi ndani, katikati dirisha na pazia, tunapigiana kelele kama tuko mnada wa samaki. Nikafungua faili la mipangilio, nikafuta jina la mume wangu, nikaandika langu. Nikajitumia barua ya majaribio. Ikaja na jina lake vilevile.

"Shemeji, kitu hiki kina ukaidi wa kaka yako!"

"Umebadilisha faili tu. Programu yenyewe bado imeshika ya zamani. Iamuru isahau yote, kisha isome faili upya."

"Isahau yote?"

"Yote, shemeji."

Kusahau nako huamriwa? Mimi nimekaa ndani siku chungu nzima, hata kikohozi chake sijakisahau. Nikaandika amri ya kwanza. Rangi alizozichagua marehemu zikatoweka kwenye skrini. Nikaandika ya pili. Rangi zikarudi, na jina langu.

Nikamwandikia binti: "Mwanangu, nimerekebisha. Hutashtuka tena."

Jibu halikukawia. "Nimeliona jina lako, mama. Ile barua nilikuwa naifungua kila asubuhi, najidanganya. Sasa ndiyo nimejua baba amekufa."

Nikajifunika kanga usoni, nikalia kwa sauti. Huko nje shemeji akauliza kama imegoma tena.

"Haijagoma," nikamwambia. "Imekubali."