Kitabu Kilichovaa Jalada la Mwenzake

Mume wangu ni mtu mwema, na hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mkorofi ningeshamzoea. Tuna duka la vitabu vilivyotumika, mlango mmoja tu, mimi mbele nauza, yeye nyuma ya pazia anatengeneza. Mtaa mzima unamwita Fundi Gundi, hata mama yangu mzazi anamwita hivyo, na kweli kucha zake zina gundi iliyogandamana ambayo sabuni imeshindwa nayo tangu tuoane.

Kazi yake ni kushona vitabu vilivyochanika na kuvitia majalada. Hapo ndipo tunapogombana. Kwa Gundi, kitabu kisicho na jalada ni sawa na mtu aliye uchi, na mtu aliye uchi unampa nguo yoyote iliyo karibu. Akipata kitabu cha sayansi kimepoteza jalada, ananyoosha mkono kwenye rundo lake, anavuta lolote litakaloenea, anapaka gundi, anakandamiza kwa matofali, kesho yake kitabu kinapendeza kama kimetoka kiwandani. Mimi nakiuza. Keshokutwa mteja anarudi kavimba mashavu: alinunua hesabu, amefika nyumbani kakuta mashairi. Na anayetukanwa ni nani? Si yule aliye nyuma ya pazia.

Nimemwambia mpaka nimechoka. Kitabu kina namba yake, ile ndefu ya ISBN, na kila toleo lina namba yake. Jina linaweza kuwa lile lile, picha ya nje ile ile, rangi ile ile, lakini wachapishaji wakibadilisha yaliyomo na kutoa toleo jipya, namba nayo inabadilika. Na huandikwa mahali pawili: nje, nyuma ya jalada, na ndani, nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. "Sasa wewe ukichukua nje ya huyu ukampa yule," namuuliza, "mnunuzi atajuaje anachonunua?" Ananijibu kwa upole wake ule unaonitoa roho, "Mama watoto, si atajua akisoma."

Basi siku moja akaingia mshonaji. Cherehani yake iko mtaa wa pili, chini ya ngazi za jengo lenye duka la dawa. Ni mtu mzima, mvi zimeanza kumtokea, na sindano zimechomekwa kifuani kwenye gauni lake kila wakati, hata kumkumbatia unaogopa. Akatoa karatasi moja kwenye mfuko wa nailoni, akailaza juu ya meza yangu taratibu.

Ilikuwa karatasi ya mwanzo ya kitabu cha kusomea cha darasa la pili. Mbele jina la kitabu, nyuma namba, na jina la aliyechora picha.

"Huyu ni mjomba wangu," akasema, akiweka kidole kwenye jina. "Alichora picha zote. Yule mama wa mle ndani, alimchora dada yake. Ndiye mama yangu."

Mama yake alifariki yeye hajaanza hata shule. Picha ya kamera hakuacha hata moja. Mjomba naye alishatangulia, na nakala yake mchwa waliila yote wakabakiza karatasi hiyo.

"Zamani nilikuwa nikifumba macho namwona," akaniambia. "Siku hizi naona kitambaa cha kichwani tu. Chini yake hamna kitu, dada. Sura yake inanitoka."

Akaendelea kwamba ameshanunua kitabu hicho mara kadhaa huko na huko. Kila muuzaji anamwambia ni hicho hicho, jalada la kijani, jogoo mwekundu. Akifungua, anakuta mama mwingine, mnene, kabeba mkoba. "Namwangalia, simjui."

Nikamweleza kwamba hilo ni toleo la pili. Walichora picha upya, nje wakaacha kama kulivyokuwa. Hapo wauzaji wavivu wanapotea, maana wanatazama jogoo badala ya namba. Namba ya kwenye karatasi yake iliishia na X. Hiyo ndiyo tutakayoifuata.

Gundi akachomoza kichwa kwenye pazia. "Lakini hiyo X si alama ya kosa? Pengine kitabu chenyewe kilikosewa."

Nikavuta pumzi. Nikamwambia kwamba tarakimu ya mwisho hutokana na hesabu ya zile zilizotangulia, na katika vitabu vya zamani ikiangukia kumi huandikwa X, kwa hiyo arudi kwenye gundi yake. Akarudi, anatabasamu, kana kwamba nimempa pongezi.

Nikaanza kuwapigia simu wauza vitabu wenzangu. Jamani, watu wanachosha. Mmoja namwambia nisomee namba ya nyuma, ananisomea bei. Mwingine anauliza namba ya simu? Wa tatu akaapa kwa watoto wake kwamba anacho hasa hicho ninachotaka, nikafunga duka nikaenda mwenyewe juani, nikafika, jogoo yupo, namba inaishia na nne. Nikamwonyesha. Akasema, "Dada yangu nawe unapenda makuu. Kitabu si ni kitabu?" Nilirudi nyumbani nimenuna, sikumsemesha mtu, na Gundi akanipikia chai yenye ladha ya gundi.

Kisha, asubuhi moja nafuta vumbi rafu yetu ya chini, jogoo huyo hapo. Nikakigeuza kitabu bila tamaa yoyote. Namba inaishia na X.

Nikailinganisha na ile niliyoinakili kutoka kwenye karatasi ya mshonaji, tarakimu kwa tarakimu, sawasawa. Kukifungua sikutaka, nilitaka mwenye mama yake awe wa kwanza. Nikampigia simu, akaja anahema, futi ya kupimia ingali shingoni, kamwacha mteja wa watu kapimwa kiuno tu. Nikamsogezea kiti. Akakaa, akapangusa mikono kwenye gauni, akafungua.

Akafunua kurasa. Akafunua tena. Halafu akakifunga polepole na kukiweka mapajani.

"Ni yule yule wa mkoba," akasema.

Nikakinyakua, nikatazama nyuma ya ukurasa wa jina. Nne. Nje X, ndani nne. Nikamwita mume wangu kwa jina lake la kuzaliwa, na hilo huwa silitumii mpaka nifike mwisho kabisa.

Akaja, akakishika, akakipiga jicho la ufundi. "Eeh, hiki nilikivisha mwenyewe. Kuna mama mmoja mtoto wake alifukuzwa darasani, eti kitabu hakina jalada. Nikatazama hapa, kulikuwa na kimoja cha zamani hakinunuliwi. Nikachukua jalada lake nikampa mtoto. Alipomaliza darasa wakaturudishia."

Hapo ndipo nilipolipuka. Nikamwambia huruma yake itatuzika. Nikamwambia kuna mtu amekaa hapo mbele yake anatafuta sura ya mama yake mzazi, na yeye ameivua nguo akaitupa kusikojulikana kwa ajili ya mwalimu mwenye kisirani. Mengine niliyosema hayaandikiki. Gundi alisimama tu, mikono imening'inia. Macho yalimjaa maji. Hilo nalo likaniudhi, maana sasa nitamgombezaje mtu anayelia?

Mshonaji ndiye aliyetuliza mambo. Hakupandisha sauti. "Fundi," akasema, "na yule uliyemvua, ulimvika nini?"

Gundi akapangusa uso. "Sijawahi kutupa ndani ya kitabu," akasema. "Nilikivisha kitu. Cha njano. Nakumbuka njano, na ilibidi niikate pembeni maana ilizidi."

Tukashusha kila kilicho cha njano. Mimi nikashika rafu za juu, Gundi za chini, mshonaji akawa anapokea na kufungua, hatazami jina la nje, anakwenda moja kwa moja nyuma ya ukurasa wa kwanza kama nilivyomwonyesha. Mapishi, ndani mapishi. Sheria za barabarani, ndani sheria za barabarani. Utenzi, ndani umeme wa majumbani. Nikamkazia Gundi macho, akainama. Vumbi lilitujaa puani. Wateja wawili walichungulia wakaona hali, wakapita zao.

Alipofungua kitabu cha ufugaji wa nyuki, akakilaza mapajani. Akatoa ile karatasi yake, akaiweka kando ya ukurasa, akawa anasogeza kidole huku na huku. Alipofika kwenye X, kidole kikasimama.

Akafunua mwenyewe mpaka somo la nne.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamshonea mtoto kifungo cha shati. Na mjinga mmoja, sijui wa darasa gani, sijui wa mwaka gani, alikuwa amemchorea masharubu kwa kalamu ya wino. Masharubu manene, yamepinda ncha. Nikahisi kichwa kinapasuka. Nikaanza kusema juu ya watoto wa siku hizi na wa siku zile na wazazi wao wote.

Mshonaji hakunisikia. Aliweka kidole chake juu ya masharubu, akayafunika, yakabaki macho, paji la uso na uzi ulioshikwa kwa meno upande mmoja wa mdomo.

"Ndiye," akasema. Kisha akarudia, sauti imepungua, "Ndiye huyu."

Akalia kidogo, akacheka kidogo, akatuuliza kama tunaona kwamba masikio ya pichani ni kama yake mwenyewe. Tukaona. Gundi akasema kwa hofu kwamba wino ule hautoki, akijaribu atatoboa karatasi. "Uache," mshonaji akamwambia. "Aliyechora kanichekesha tu."

Ndipo mume wangu, baada ya miaka yote niliyokaa naye, akafanya jambo. Alichukua kitabu kile cha yule wa mkoba, akakigeuza, akaniuliza, "Hebu nisomee namba ya ndani ya hicho cha nyuki, mama watoto. Moja moja." Nikamsomea. Akafuata kwa kidole chenye gundi kwenye jalada la jogoo mpaka mwisho, akasema X, nami nikasema X. Akalibandua jalada lile bila kulichana, akaliondoa na lile la nyuki, akaileta sindano yake kubwa ili la jogoo alirudishe kwa mwenyewe.

"Nipe mimi," mshonaji akasema.

Akavuta kiti karibu na mwanga wa mlango, akakata uzi, akaushika kwa meno upande mmoja wa mdomo huku akitafuta tundu la kwanza. Kitabu kilikuwa wazi mapajani mwake kwenye somo la nne. Nikaitazama picha, nikamtazama yeye, nikatafuta la kulalamikia nikalikosa.