Siki ya Maganda ya Mananasi

Mama mkwe wangu hakuweza kuvumilia kuona ganda la nanasi likitupwa. Nilipoolewa na kuletwa Kinondoni, fungate haijaisha vizuri, alinikuta namwaga maganda jalalani. Akainama, akayaokota yote, akayasuuza, kisha akaniambia bila ukali, "Mwanangu, hapa kwetu haya ndiyo kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza siki. Asubuhi alikwenda sokoni mjini, kwa wachuuzi waliomenya mananasi na kuyauza vipande, akarudi na kikapu cha maganda kichwani, na juu yake maembe yaliyopasuka ambayo hakuna aliyeyataka. Aliyakatakata yote, akayatia mtungini pamoja na maji, akafunika mdomo kwa kitambaa cheupe na kukifunga kwa ukili. Siku za mwanzo mtungi ulitoa povu na kunguruma kama tumbo lenye njaa. Kisha povu lilitulia, ikabaki harufu kali, ile hasa ya ulevi. Hapo alikuwa hapendi mtu ausogelee. Alisema, "Bado haijaiva." Wiki kadhaa baadaye maji yalichacha kabisa, utando mzito ukatanda juu, na ukionja ulimi wote unasisimka.

Ilikuwa miaka ya vita. Siki ya chupa iliyokuwa ikija kwa meli haikuonekana tena madukani. Mume wangu alikuwa amechukuliwa jeshini. Tuliambiwa yuko Burma, na hatukujua Burma ni wapi. Tukaishi sie wawili, kwa siki ile. Mteja wetu mkubwa alikuwa mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la nguo mjini, ambaye achari yake ya maembe iliwatosha jamaa zake wote. Yeye na mama mkwe wangu walikuwa wakiitana dada. Tukipeleka siki, walikaa jikoni wakibishana kuhusu pilipili hadi mie nasinzia.

Asubuhi moja tulivamiwa na bwana afya akiwa na askari wawili. Mtu alikuwa amewapelekea habari kwamba uani kwetu kunanuka pombe. Siku hiyo tulikuwa na mitungi minne. Mitatu ilikuwa imeiva. Wa nne ulikuwa na wiki mbili tu, na mie ndiye niliyeuweka karibu na mlango, kwa uvivu wa kuubeba hadi nyuma. Bwana afya akaanza na huo. Akafungua kitambaa, akanusa, akawageukia askari.

"Pombe," akasema.

"Si pombe, bwana," mama mkwe wangu akasema. "Ni siki, haijafika tu. Onja hiyo mitatu."

"Mie nionje pombe isiyo na kibali?"

Akachota chupa moja kutoka mtungi ule mchanga, akaamuru yote minne imwagwe. Askari mmoja alikunja uso harufu ya mtungi wa pili ilipompanda puani, na naona alijua kabisa kuwa ile ni siki, lakini alimwaga. Nilisimama na kata mkononi. Mama mkwe wangu hakulilia siki. Alichowaomba ni jambo moja: "Hiyo chupa msiizibe. Ifunikeni kwa kitambaa, ipate hewa. Mkiipa siku zake mtaona wenyewe." Bwana afya akacheka, akaizibia kizibo na kukigonga kwa kiganja.

Mama mkwe wangu wakamchukua. Alikuwa mwanamke aliyefunga hata Jumatatu na Alhamisi, na sasa alipitishwa njiani katikati ya askari kwa ajili ya pombe, watu wakitazama.

Mie nikaenda mjini kwa miguu, nikamwamkia yule mama wa Kihindi, nikamweleza kwamba kesi iko kwa liwali. Akajitanda mtandio wake palepale. "Nitakuja," akasema. "Nitamwambia liwali mimi napikia siki hii."

Mumewe akatokea dukani. Alikuwa mtu mpole, na alizungumza taratibu. "Binti, mama yako ni mtu mzuri. Lakini mambo ya serikali sisi hatuwezi. Siku hizi kitambaa tunapata kwa kibali. Wakitunyima, sisi tumekwisha." Mkewe akamtazama, kisha akatazama chini. Walichonipa ni chupa ya siki yetu wenyewe, iliyobaki kabatini.

Siku ya kesi nikaenda nayo kortini. Liwali, mzee mwenye ndevu nyeupe, alitia tone kidoleni, akaonja. "Hii ni siki, tena nzuri," akasema. "Lakini hii haikukutwa kwake siku ile." Akaizibua chupa ya bwana afya, akanusa, akaisogeza mbali. Kwa kuwa ilikuwa imezibwa, ilikuwa vilevile kama ilivyochotwa.

Akamgeukia mama mkwe wangu. "Mama, umeapa. Nijibu. Hiki kilichomo humu kinalevya?"

Nikamkazia macho. Aseme hapana! Neno moja tu, turudi nyumbani.

"Kwa sasa kinalevya, sheikh," akajibu. "Kingeachwa kisingelevya."

Nadhani hata liwali alitamani asingeuliza. Akamfunga mwezi mmoja.

Nilimpelekea chakula gerezani mara tatu, na mara zote askari walikirudisha mlangoni. Alipotoka alikuwa amekonda. Majirani walikuja kumpa pole, lakini maulidi yaliyofuata hawakumwita kwenda kupika kama kawaida yao. Hilo lilimuumiza kuliko gereza. Yule mama wa Kihindi alimletea doti ya kanga. Akaipokea, akashukuru, na hakuivaa.

Msimu wa mananasi ukarudi. Wachuuzi wakamwekea maganda, akawa anawapita.

"Mama, tuanze tena," nikamwambia siku moja. "Mtungi mmoja tu."

"Nikianza, ziko siku ambazo itakuwa pombe kweli," akasema. "Siku hizo wakija, niwaambie nini?"

Nikaenda kuifunika mitungi mitupu.

Vita vilipokwisha mume wangu alirudi, mguu mmoja ukimsumbua. Alimkuta mama yake anasuka mikeka. Jioni, tukila samaki, akauliza siki iko wapi. Mie nikamtazama mama mkwe wangu.

"Imekwisha," akasema, akamsogezea limau.