Kayaki Moja na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinizaba kofi juu ya jiwe, katikati ya mto, mbele ya klabu nzima.

Sote wawili tulikuwa tunachuruzika maji. Helmeti yangu ilikuwa imekaa upande kama kofia ya mlevi.

Lile kofi nililistahili. Naye alistahili la kwake, ila mama mkwe hapigwi.

Kaa nikusimulie taratibu, maana hata mimi nilichelewa kuelewa kilichotokea siku ile.

Mimi ni fundi wa lifti. Naingia kwenye mashimo ambayo watu hata kuyachungulia hawataki, napaka grisi, nakagua nyaya, natoka. Lifti ikikwama wananitafuta kama maji ya kunywa. Ikipona, hakuna anayenijua. Sina neno.

Mke wangu alifariki kwa ugonjwa wa figo. Aliugua muda mrefu, akaondoka asubuhi moja wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu. Mmoja alikuwa anavaa koti la kurudi nyumbani. Akalivua tena.

Sikulia.

Watu wakasema, mwanaume kajikaza. Jamani, sikujikaza. Hakukuwa na kitu cha kukaza. Ilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha: unauona, ni wako, unauinua kwa mkono mwingine, lakini huusikii.

Nikarudi kazini. Nikala nilichowekewa mbele. Mtu akiniambia pole, najibu asante, kama mtu aliyekanyagwa mguu kwenye foleni.

Miezi ikakatika hivyo hivyo.

Sasa, huyu mama.

Mama mkwe wangu alifundisha kuogelea kwenye bwawa la shule mpaka akastaafu. Mabega mapana, sauti ya kupita juu ya kelele za watoto mia. Mume wake alitangulia zamani, na mtoto alikuwa ni huyo huyo mmoja, aliyenipa mimi.

Nilikuwa namheshimu kwa mbali. Shikamoo mama, macho chini, habari za hapa, basi.

Siku hiyo alinipigia simu nikiwa nimesimama juu ya paa la lifti, tochi mdomoni.

"Baba," akasema. Ndivyo anavyoniita, kwa heshima. "Jumamosi unafanya nini?"

"Sina kitu, mama."

"Klabu yetu ya kayaki inashuka mto. Unakuja na mimi."

"Mama, mimi hivyo vimtumbwi vya kayaki nimeviona kwenye televisheni tu."

"Utakaa mbele, mimi nyuma. Nikisema piga, unapiga. Huko nyumbani utaota kuvu."

Nilitaka kukataa. Lakini kukataa nako kunataka nguvu, na mimi nilikuwa na nguvu za neno moja tu.

"Sawa, mama."

Nikajisemea moyoni: haya, wameanza. Kampeni ya kumfufua mkwe.

*

Tulifika mtoni jua likiwa limeshachomoza vizuri. Kayaki zilikuwa zimepangwa ukingoni, nyekundu, njano, bluu, kama viatu mlangoni mwa nyumba yenye wageni.

"Nyangumi!" mtu akapaza sauti. "Jamani, Nyangumi karudi!"

Nikageuka kumtafuta huyo Nyangumi.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Mwanamke ambaye siwezi kumwomba chumvi mezani bila kwanza kusafisha koo, huku wanamwita Nyangumi, na yeye anaitika! Kama ningekuwa na kicheko akiba, kingetoka pale.

Kiongozi wao ni daktari wa meno. Mrefu, mpole, na ukiongea naye anakutazama mdomo badala ya macho. Alinishika mkono, akachelewa kuuachia.

"Asante sana kwa kuja," akasema. "Hujui umetusaidia kiasi gani."

Nikaona ni yale maneno ya kuwafariji wafiwa. Nimesaidia nini, mimi niliyeletwa kama furushi?

Akanivisha jaketi la kuelea, halafu kitu wanachokiita sketi. Usicheke. Ni mpira unaouvaa kiunoni, kisha unaubana kuzunguka tundu ulilokalia ili maji yasiingie ndani ya kayaki. Mbele yake kuna kitanzi.

"Ukipinduka utakuwa kichwa chini," akasema daktari. "Usipapatike. Vuta kitanzi, sketi inabanduka, unatoka. Rudia."

"Nisipapatike. Nivute kitanzi. Nitoke."

Kama mtoto wa chekechea.

Kisha akaenda kwa mama, akamkagua vifungo vya jaketi, kimoja baada ya kingine. Akaondoka. Akarudi, akavikagua tena.

Nikashangaa kidogo. Mwalimu wa kuogelea anakaguliwa kuliko mimi nisiyejua hili wala lile? Nikaliacha lipite. Siku zile mambo mengi niliyaacha yapite.

*

Mwanzoni mto ulikuwa na adabu. Mawimbi madogo, mawe madogo. Wenzetu walikuwa wanapiga vigelegele kila wanaporushwa. Mimi niliwasikia kama unavyosikia redio ya jirani ukutani.

"Piga!" Napiga.

"Kushoto!" Napiga kushoto.

"Baba, unakoroga rangi au unapiga kasia?"

"Samahani, mama."

Tukafika mahali maji yametulia, mapana, kijani. Wenzetu wakatangulia. Tukawa tunaelea tu, mgongo wangu ukimtazama yeye.

"Alikuwa anaogopa maji," akasema ghafla.

Sikuuliza nani.

"Mtoto wa mwalimu wa kuogelea. Anaogopa mpaka maji ya beseni. Walimu wenzangu walinicheka mpaka wakachoka."

"Alinisimulia, mama."

"Alikusimulia nini?"

Ningeweza kunyamaza. Lakini ndiyo hivyo, mdomo hauna breki.

"Kwamba ulikuwa unamwosha nywele kwa kikombe. Kidogo kidogo, umemziba macho kwa kiganja, maji yasimguse. Alisema hakuna mahali alipojiona salama kama chini ya kile kiganja."

Nyuma yangu kukawa kimya.

Nikadhani nimemfurahisha.

Mbele, mto ukaanza kunguruma. Daktari alikuwa ameshashuka maporomoko, amesimamisha kayaki yake chini, ameinua kasia kutuelekeza: piteni kulia kwa jiwe kubwa.

"Kulia, mama?"

Kimya.

"Mama, tunakwenda kulia?"

Nikapiga kasia. Kayaki ikawa nzito, kama kuvuta lifti iliyofungwa breki. Nikageuka.

Kasia lake lilikuwa limelala mapajani. Mikono yake juu yake. Alikuwa anatazama maji meupe jinsi mtu anavyotazama mvua dirishani, akiwa hana mpango wa kutoka.

"Mama, piga!"

Hakusikia. Au alisikia.

"We mama! PIGA KASIA!"

Ndiyo, nilimfokea. Mimi, wa shikamoo na macho chini, nilimwita "we mama" na mate yakanitoka.

Akashtuka, akanitazama. Alinitazama kama dereva anayegundua katikati ya safari kwamba kumbe nyuma kuna abiria.

Akalinyakua kasia. Lakini jiwe lilikuwa limeshafika.

Tukapinduka.

*

Kule chini kuna kelele nyingi, lakini zote ziko mbali.

Nilikuwa kichwa chini. Maji ya baridi yalikuwa yanaingia puani. Kitanzi nilijua kiko wapi. Mkono wangu ulikuwa umeshakishika.

Sikuvuta.

Nielewe vizuri hapa. Sikuwa nimeamua kufa. Sikuwa nimeamua chochote. Ilikuwa kama simu inaita chumba cha pili, nawe umekaa, unaisikia, unasema si atapokea mtu.

Alipokea yeye.

Alikuwa ameshatoka upande wake. Akanirudia. Nilihisi mkono unanipapasa tumboni, ukaukuta mkono wangu juu ya kitanzi, ukavivuta vyote viwili kwa pamoja. Sketi ikabanduka. Nikatolewa kwa kola kama mtoto wa paka.

Akanikokota mpaka kwenye lile jiwe. Nikakohoa mto mzima.

Ndipo kofi likaja. Paaa!

"Mkono ulikuwa juu yake!" akapiga kelele. "Umekishika! Kwa nini hukuvuta?"

Nikamwangalia. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye mikunjo ya uso. Kwa mara ya kwanza sikuangalia chini.

"Na wewe, mama. Kwa nini uliacha kupiga kasia?"

Akageukia maji.

Hakuna aliyemjibu mwenzake. Tukakaa kwenye lile jiwe, bega kwa bega, tunatetemeka, mpaka wenzetu walipoturushia kamba.

*

Mwisho wa safari, watu wakibadilisha nguo na kufunga kayaki juu ya magari, daktari akanivuta pembeni.

"Aliacha kupiga, sivyo?"

"Umejuaje?"

Akatazama chini, kisha akatazama mdomo wangu, mazoea.

"Tangu msiba hakuja klabuni. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuwa anapita darajani siku ya kazi, akaona gari la mama. Akashuka. Alimkuta yuko majini peke yake. Jaketi lilikuwa kwenye kiti cha gari. Huyu mama, anayefukuza watu mtoni kwa kifungo kimoja kilicholegea! Akasema amesahau."

Nikajifuta uso kwa taulo.

"Tukakaa kikao. Tukasema haingii mtoni tena, isipokuwa kwenye kayaki ya watu wawili, na mwenzake tutamchagua sisi."

"Mkanichagua mimi? Daktari, mimi sijui hata kasia linashikwa upande gani."

"Kasia tunajua sisi," akasema. "Tulikuwa tunamtafuta mtu ambaye mama hawezi kumzamisha. Mume wa mwanawe. Tulipotaja jina lako alikaa kimya, mpaka tukadhani amekasirika. Halafu akasema, nitampigia mwenyewe, nitamwambia ni kwa faida yake yeye."

Nilisimama pale na taulo shingoni.

Siku nzima nilijiona mgonjwa anayepelekwa kutembezwa. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa jaketi.

Na maskini, hawakujua kwamba jaketi lenyewe lilikuwa limetoboka.

*

Kesho yake nikaenda kwake bila kupiga simu. Alikuwa amekaa sebuleni, mapazia yamefungwa, vyombo vya chai vya siku tatu nne vimejipanga sakafuni.

"Daktari wa meno ameshasema," akasema. Hakuuliza.

"Amesema, mama."

"Mtu anashinda kufumbua midomo ya watu. Wake kuufunga hawezi."

Nikafungua pazia. Nikakusanya vikombe, nikaviosha. Nilipokuwa nimempa mgongo, pale pale kwenye sinki, nikapata ujasiri.

"Mama, kule chini mimi sikujua kwa nini sikuvuta. Mpaka sasa sijui. Na hilo ndilo linalonitisha, au lingenitisha, kama ningekuwa natishika."



"Mimi nilijua kwa nini niliacha," akasema. "Ila nilisahau kwamba upo mbele. Mungu anisamehe, nilisahau kabisa."

Hospitali ilikuwa imetupa namba ya mshauri wa wafiwa. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake ndiye anayemhitaji. Tukampigia simu siku ya Jumatatu, tukaenda wote wawili, tukagombania kiti cha karibu na mlango.

Na tukawekeana sheria. Kila asubuhi kabla sijaingia shimoni, nampigia.

"Upo?"

"Nipo. Na wewe?"

"Nipo."

Basi. Hatuongezi neno.

Ikaenda hivyo wiki kadhaa. Asubuhi moja nikapiga, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Sikumbuki nilivyotoka kwenye lile jengo. Nakumbuka tu wapangaji wananipigia kelele kwamba lifti nimeiacha wazi. Sikumbuki nilipanda nini, nililipa nini. Nakumbuka nagonga mlango wa mama mkwe kwa ngumi zote mbili, kama askari.

Akafungua. Mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Nini? Kuna moto? Ndio kwanza naamka."

Jasho lilikuwa limeloanisha ovaroli mpaka kiunoni. Moyo ulikuwa unapiga masikioni.

Akachomoa mswaki taratibu. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Umeogopa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Sana?"

"Sana."

Akapangusa povu kwa kiganja. Macho yake yalikuwa yameanza kulengwalengwa na machozi.

"Afadhali," akasema. "Ingia ndani."

Nikaingia. Huko ndani, kwenye kiti kilichotazama dirisha, nililia mpaka kola ikaloa. Naye alilia. Hakuna aliyembembeleza mwenzake. Kila mtu alikuwa na shughuli yake.

Leo kayaki naijua. Nakaa mbele, yeye nyuma, na tukikaribia maji makali nageuka kumwangalia. Ananikaripia kila mara: "Tazama mbele, baba!" Siachi.

Ninachokuachia wewe uliyesoma mpaka hapa ni hiki. Yule anayekukazania utoke ndani, anayekuuliza kila siku kama umekula, usimjibu tu ukakata simu. Muulize na yeye. Wengi wanaotubeba wanatubeba ili mikono yao isibaki mitupu.