Roho Mia na Ishirini na Saba

Ukiulizia fundi wa mashine za gemu pale Mbalizi utaelekezwa kwa Esnath, mwenye mdomo mkali na mgongo usiopona. Tangu kaka yake Saulo, dereva wa lori la Makongolosi, apigwe na kiharusi upande wa kushoto, Esnath humwogesha na kumlisha uji kabla hajafungua kibanda chake uani. Ndugu wengine wako Iringa, wanatuma salamu. Amechoka, wala hafichi.

Mtaalamu wa mazoezi alionya kwamba kidole gumba cha kushoto kikimaliza mwaka bila kusogea, basi tena. Esnath akamletea kaka yake gemu la zamani la kuruka mashimo, na kitufe cha kuruka akakihamishia kushoto. Saulo alitembeza mtu wake kwa mkono wa kulia mpaka shimo la kwanza, akadumbukia. Roho tatu ambazo gemu humpa mchezaji zikaisha, na kuanzisha upya kulitaka mikono miwili.

"Esna! Limeisha!"

Aliitwa hivyo asubuhi nzima, kila mara akiacha waya anazochomea. Mwisho akatengeneza chiti, ujanja wa kulidanganya gemu, akampa roho mia mbili. Gemu likafunguka na kumtangaza amekufa papo hapo.

"Hata mashine inajua," Saulo alisema, akaisukuma pedi ya kuchezea.

Esnath aliona aibu, maana kosa lilikuwa la kifundi kabisa. Gemu lile huhesabu roho mpaka mia na ishirini na saba tu. Ukizidisha hapo, linarukia chini ya sifuri, na mia mbili kwake ni hasi hamsini na sita. Akaweka mia na ishirini na saba, akazifunga zisipungue.

"Pale juu ya shimo kuna moyo mwekundu. Usiuguse, kaka. Unaongeza roho moja, na ikiongezeka moja tu inakuwa hasi, umekufa."

"Kwa hiyo umenipa roho nisizoruhusiwa kuongeza."

"Nimekupa roho za kunipumzisha mimi!"

Lilimtoka tu, na akajuta hapo hapo. Saulo akaivuta pedi karibu.

Siku tatu hakuitwa. Alifanya kazi kwa amani, na amani yenyewe ikamsuta. Siku ya nne, saa nane mchana, akasikia, "Esna! Limeisha!"

Akaingia na hasira zake zote. "Umegusa moyo! Si nilikwambia..."

Hapo akakumbuka. Ule moyo haufikiwi bila kuruka.

Akatazama pedi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa juu ya kitufe, kinatetemeka.

"Nilikuwa nautaka tu," Saulo alisema, machozi yakimtoka.

Esnath akakaa sakafuni, akalia naye. Kisha akaifuta chiti, akarudisha roho tatu kama za watu wote, akamwekea pedi mapajani.

"Zikiisha niite, kaka," alisema. "Nitakuja."