Nguo za Idd kwa Mgeni wa Serikali

Chumba ninacholala, mchana si changu. Alfajiri, kabla sijamaliza kufunga kamba za viatu vya shule, mama wa kwanza huwa ameshafika mlangoni na mtoto mgongoni, nami hukunja godoro langu na kulisimamisha ukutani. Bibi yangu, mamake baba, hulea watoto wa watu hapo kwetu Bofu. Wako kumi na wanne. Mama zao hutandika vitanda kwenye hoteli za Shelly Beach, au huvuka feri kwenda mjini kufua na kupikia watu. Bibi alianza na mtoto mmoja wa jirani, kwa hisani tu. Akaja wa pili, akaja wa tatu, na Bibi kusema la hajui.

Naandika haya kwenye daftari kwa sababu kuyasema siwezi. Hata darasani, nikijua jibu, huinua mkono mpaka usawa wa shingo tu, ili mwalimu asiponiita ionekane nilikuwa najikuna.

Mwanzo wa muhula wa pili bwana afya alikuja akakitazama choo chetu. Ni cha shimo, kiko nyuma ya nyumba, kimezungushiwa mabati. Sakafu imepasuka kutoka pembe hadi pembe na upande mmoja umeanza kulala. Watoto hawaingii mle. Hutumia poti, kisha Bibi huzimwaga shimoni akiwa amesimama juu ya ubao. Bwana afya alisema, tena kwa upole, kwamba choo kingine kisipojengwa kufikia mwisho wa muhula, watoto wasikusanywe pale tena. Bibi alimpa chai na mahamri. Alipoondoka, Bibi alibaki ameushika ubao wake kama mtu aliyesahau alikuwa anaupeleka wapi.

Siku chache baadaye tangazo likabandikwa ofisini kwa chifu: serikali itatoa ruzuku kwa vikundi vinavyohudumia watoto, vijana na familia. Kikundi tulikuwa nacho. Kilisajiliwa zamani Bibi na wenzake walipokuwa wakisuka mikeka, na cheti chake kilikuwa chini ya godoro la Bibi, kimekunjwa ndani ya leso.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo niliijaza mimi. Bibi alikaa kitandani nikimfasiria swali kwa swali.

"Hapa wauliza tuna upungufu gani."

"Andika hatuna, alhamdulillahi."

"Bibi, tukisema hatuna hawatatupa kitu."

"Sasa nende serikalini nikalie kama mwenye njaa? Mtu hujisitiri, mwanangu." Akafikiri kidogo. "Haya, andika choo chataka kurekebishwa. Kidogo."

Nikaandika marekebisho madogo. Hilo "madogo" lilinikera, lakini kalamu ilikuwa yangu na maneno yalikuwa yake.

Nisiandike kama kwamba mimi ni mtu mwema sana. Nusu yangu ilitaka tukose. Tungekosa, ningerudishiwa chumba. Ningetoka shule nikute kimya badala ya watoto wanne wanaogombea kijiko kimoja. Paa la kile chumba linavuja, na mvua ikinyesha usiku hulivuta godoro mpaka nyuma ya mlango, na huko nyuma ya mlango ndiko zinakopangwa poti. Sikuwahi kumwambia mtu. Nusu ya pili ilimjua mama mmoja wa hotelini aliyeniambia kwamba akikosa pa kumwacha mwanawe ataacha kazi. Aliyasema hayo huku akicheka.

Tulipokuwa mapumziko ya katikati ya muhula, ikapigwa simu: afisa wa ruzuku yuwaja kesho kuangalia hali.

Bibi hakulala mchana huo. Aliazima zulia. Vyombo vyake vya kabati la vioo, ambavyo sisi wa nyumbani hatuvigusi, vikatolewa na kuoshwa. Halwa ikaagizwa. Halafu akatuma salamu kwa mama wote: kesho watoto waje na nguo zao za Idd, na wasio na nguo za Idd waje na za Krismasi.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama aliyetoka bara, anafanya kazi ya zamu kiwandani Changamwe. Yeye humwita Bibi "Shosh", kama wanavyowaita bibi za kwao. Alikuja akasimama mlangoni, akatutazama tukitandika zulia.

"Shosh, si huyu mtu anakuja kuona shida? Mbona hii ni harusi?"

"Mgeni ni mgeni. Wewe nipe ufunguo wa choo chako."

"Wa nini?"

"Kesho akibanwa tumpeleke wapi? Kwangu? Anitumbukie shimoni?"

"Si ndiyo vizuri! Akitumbukia, pesa zinatoka siku hiyo hiyo."

Bibi alicheka mpaka akapangusa macho kwa mtandio. Lakini ufunguo aliuchukua, na akanipa mimi niuweke. Choo cha jirani kina vigae, kina ndoo yenye kifuniko na sabuni ya kunukia. Nikaambiwa afisa akiuliza, nimpeleke huko bila maneno mengi. Kwa kazi ya maneno machache, Bibi alijua hakukosea mtu wa kumtuma.

Asubuhi yake wakaja. Wavulana wadogo wa miaka mitatu kwenye kanzu na kofia, wasichana na madera yanayometa, mmoja kapakwa wanja. Bibi alifukiza udi nyumba nzima na akauzidisha upande wa nyuma.

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vyake vimejaa vumbi la njiani. Nilimwamkia shikamoo, akashtuka kidogo kabla ya kuitikia marahaba. Alikalishwa, akamiminiwa kahawa, akawekewa halwa na viazi karai. Watoto walikaa safu moja kwenye zulia, hawachezi. Sikuwahi kuwaona wametulia vile, na nilidhani ni kwa sababu ya nguo.

"Mmejipanga vizuri sana," afisa alisema. "Sasa, mama, changamoto zenu ni zipi?"

"Alhamdulillahi, hatuna."

"Hakuna kabisa?"

"Watoto wala, walala, jioni warudi kwao salama. Twamshukuru Mungu. Ongeza halwa."

Afisa aliandika. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la kahawa, na nikaona akitia alama kwenye kisanduku cha hali nzuri, kisha akashuka cha pili, alama tena. Kwetu, ukiulizwa hali hujibu kwa kushukuru kwanza, ndipo mwenye kuuliza aulize tena, na tena, mpaka mnafika penyewe. Afisa hakuuliza hivyo. Alikuwa na nyumba nyingine za kutembelea.

Alipomaliza ukurasa aliuliza choo kiko wapi. Bibi akanitazama.

Nikampeleka kwa jirani. Nikafungua kwa ufunguo, nikasubiri nje karibu na kamba ya nguo. Alipotoka alikuwa akikung'uta maji mikononi na amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu ya akilini.

"Choo chenu kizuri. Mbona kwenye fomu mmeomba kukirekebisha?"

Nilikuwa na maneno mawili tu. Niliyatafuta kwa muda mrefu, na yeye, sijui kwa nini, akangoja.

"Si chetu."

"Chenu ni kipi?"

Nikamwonyesha mabati kwa kidevu. Alianza kutembea kuelekea huko, nami nikamfuata. Hatujafika, mtoto mmoja akatokea pembeni mwa nyumba, kanzu nyeupe kaikusanya mkono mmoja, poti mkono wa pili, anatembea kwa hatua fupifupi.

"Unakwenda wapi wewe?" afisa akamuuliza.

"Kujificha. Bibi kasema tusitake choo mpaka mgeni ende zake." Akamtazama juu chini. "Wenda saa ngapi?"

"Kwani mmejizuia tangu asubuhi?"

"Wote," mtoto akasema, na hakungoja tena, akaiweka poti pale pale chini.

Afisa alilisogeza bati, akachungulia. Aliiona sakafu ilivyolala, akauona ule ubao. Kisha akarudi ndani, akakaa kwenye kiti chake, akafungua faili na kufuta alama mbili, akaandika mistari mingi. Hakusema neno kuhusu choo. Aliaga kwa heshima, akachukua na halwa aliyofungiwa. Mlango ulipofungwa tu watoto wote walisimama kwa pamoja, na kwa nusu saa hatukuwa na kazi nyingine.

Bibi alikuwa ameelewa. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

Jirani, aliyekuja kuchukua ufunguo wake, akasema, "Shosh, si ndiyo kazi ya yule? Daktari ukimwendea umevaa koti anaona nini?"

"Wewe nyamaza, hujui," Bibi akamwambia. Lakini alikuwa akinitazama mimi.

Kwa siku nyingi hakusema nami moja kwa moja. Alikuwa akipitishia kwa watoto. "Mwambieni dada yenu chai iko mezani." "Mwambieni dada yenu asisahau mwavuli." Nao walinipelekea maneno hayo mbio, wakayachanganya njiani. Nilisikitika, ingawa si sana kama nilivyotarajia. Mimi kunyamaziwa hakunisumbui kama watu wengine. Kilichonisumbua ni kumwona jioni akikunja nguo za watoto polepole, kama mtu anayeziaga.

Muhula ukaisha, barua ya majibu haijafika. Bwana afya akarudi, akaonyeshwa kwamba maombi yamepokelewa, akaongeza muda kwa shingo upande. Barua ilipokuja niliisoma mara mbili kabla sijaifasiri. Katika orodha ya misaada iliyokuwa kwenye fomu, vitanda tulikosa, mshahara wa msaidizi tulikosa. Choo tulipewa. Bibi akasema alhamdulillahi, akaniomba nimsomee tena pale palipotajwa choo. Aliniomba mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtoto.

Fundi alichimba shimo jipya upande wa pili wa ua na kumwaga sakafu ya zege. Choo kilipokwisha, afisa yule yule akaja kukikagua. Nguo za Idd zilitoka tena, na udi, na halwa. Hayo Bibi hakuyabadilisha hata kidogo, isipokuwa safari hii watoto waliruhusiwa kwenda chooni, nao walikwenda kila dakika, hata wasiokuwa na haja, kwa sababu ya mlango mpya.

Afisa alikipiga picha, akatia saini. Akasema kuna ruzuku nyingine itafunguliwa mwaka ujao, na vikundi vilivyomaliza kazi vizuri vinaweza kuomba.

"Kuna changamoto nyingine, mama?"

"Hatuna, alhamdulillahi," Bibi akasema.

Afisa akaweka kalamu chini, akangoja. Nadhani alikuwa ameshajifunza. Bibi aliusogeza ukingo wa zulia kwa kidole cha mguu, akainua macho akanitazama nilipokuwa nimesimama na birika, kisha akatazama dari.

"Ila paa," akasema. "Chumba cha huyu msichana chavuja. Usiku wa mvua hulala nyuma ya mlango, na poti."

Sikujua kwamba alikuwa akijua. Afisa akaandika, na mimi nikamwongezea Bibi kahawa, ingawa kikombe chake kilikuwa kimejaa.