Jiwe la Mama Mnadani

Enzi zetu, wenzangu mliozaliwa kabla mashine ya kusaga haijafika Ilongero, siku haikuanza na jogoo. Ilianza na jiwe. Giza halijatoka vizuri, upepo wa kwetu unapita unapotaka, na wewe umejikunja kwenye ngozi ya ng'ombe na wadogo zako watatu, mara unasikia: krrr, krrr, krrr. Mama ameshapiga magoti. Anasaga uwele wa uji na wa ugali wa mchana. Tulikuwa tunajua kila nyumba kwa mlio wake, na nyumba ikinyamaza mama aliuliza kabla sisi hatujauliza. "Kwa Mama Salima leo kimya. Rehema, inuka ukaangalie kama ni homa au ni njaa."

Jiwe letu halikuwa la mchezo. Bibi mzaa baba alilichagua mwenyewe kwenye majabali ya nyuma ya kijiji, likaletwa na maksai, na kwa miaka yote ile ya kusaga likachimbika katikati mpaka ungeweza kulaza mtoto mchanga. Lilikuwa linatoa unga laini kama majivu. Kwa hiyo majirani walikuja kusaga kwetu, Wakristo na Waislamu, wenye ng'ombe na wasio na hata kuku. Mama hakumtoza mtu. Lakini kulikuwa na desturi, sijui nani aliianzisha. Ukimaliza kusaga, unakung'uta unga wako wote kwenye ungo, halafu unarudisha kiganja kimoja pale shimoni. Kiganja hicho ni cha atakayekuja hana kitu. Ukisahau, mama hakugombezi, anakuambia tu, "Jiwe halilali na njaa, mwanangu," nawe unarudi mbio kwa aibu.

Mimi na Salima, mtoto wa huyo Mama Salima, tulisaga pamoja tangu tuna miaka saba. Tulikuwa tunashindana kwa nyimbo, anayekosea mstari anasaga zamu ya mwenzake. Magoti yetu yalikuwa meusi na magumu, nyusi nyeupe kwa unga, na tukitoka hapo tunakwenda shule kwa miguu, tukirudi tunacheza rede mpaka tusiuone mpira. Jioni ugali wa uwele na mlenda, na maziwa ya mgando kwa mwenye bahati. Siku hizi binti zetu wanapanda bodaboda kwenda mjini Singida kuinua vyuma kwenye jumba fulani, wanalipa ili wachoke! Jamani, kuchoka kwetu kulikuwa bure, na juu yake tunapata unga.

Na minada nayo! Ile ya Jumapili, nje ya kanisa. Kila mtu alitoa sadaka ya alichonacho, muwa, boga, kuku, chupa ya asali, na mzee wa kanisa akavinadi hapo hapo. Nakumbuka mwaka wa kuezeka kanisa, bibi alileta yai moja. Moja tu. Akalinunua mwalimu mkuu, akasema, "Narudisha." Likanadiwa tena, akalinunua baba yake Salima, mtu wa msikitini kabisa, alikuja kuangalia tu. Naye, "Narudisha." Yai lile lilizunguka mpaka jua likatukalia utosini, kila anayelinunua analirudisha, na mabati yakapatikana. Mwisho mzee mmoja akaenda nalo nyumbani, akalipasua, viza! Hakulalamika. Alisema yai limefanya kazi nyingi, lina haki ya kuchoka.

Basi mwezi uliopita kamati yetu ya kijiji ikaitisha mnada. Lile ghala la zamani la ushirika tumepewa tuligeuze makumbusho, wajukuu waone tulikotoka, ila paa limeliwa na kutu. Tangazo likasema, leteni vitu vya kunadi kwa ajili ya makumbusho. Wao walifikiria kuku na mafuta ya alizeti. Watu wakasikia neno makumbusho, wakaleta vibuyu vya babu, vigoda, kengele za ng'ombe, redio zisizosema. Nilipofika nikashika kichwa. Tunauza vitu vya makumbusho ili tupate bati la kuwekea makumbusho yasiyo na vitu! Nikajaribu kuiambia kamati, nikajibiwa, "Mwalimu, ratiba imeshapangwa."

Mshereheshaji alikuwa kijana mmoja wa mjini, suruali imembana, kipaza sauti mdomoni kama kinanyonywa. Simlaumu, ana moyo mzuri, hata ujira alikataa. Lakini kibuyu cha kusukia maziwa alikiita chombo cha maua. Nilikuwa nimekaa na mama yangu mstari wa mbele. Macho yake yameisha nguvu, masikio bado ya swala.

"Na sasa wapendwa," kijana akapaza, "jiwe la asili, kubwa, limechimbika lenyewe! Pambo la bustani hili!"

Mama akanigusa paja. "Rehema, wanauza jiwe la nani?"

Nilitamani nimdanganye. Mdogo wangu Elia alikuwa amelileta asubuhi kwa mkokoteni, kwa agizo la mama mwenyewe, akalishusha kwenye hema la kwanza aliloliona badala ya kulifikisha ghalani, na lilikuwa hema la mnada. "La kwetu, mama," nikasema.

"Si nililitoa walitunze?"

Mama akaanza kusugua magoti yake kwa viganja. Sijawahi kumwona mama yangu analia mbele za watu, na siku ile nikaona anakaribia. Nikasimama, nikataja bei, nikijiambia nitalinunua na kusema "narudisha" kama wale wa yai. Nyuma yetu bwana mmoja mgeni, mwenye hoteli Arusha, akataja zaidi. Nikapanda. Akapanda. Hakuwa na ubaya wowote, masikini, alikuwa amelipenda jiwe, analiona tayari limekaa kwenye bustani yake ndege wanakunywa maji. Nikatamka cha mwisho nilichokuwa nacho kibindoni. Akapanda bila hata kupumua. Nikakaa.

"Mara ya kwanza!" kijana akapiga meza. "Mara ya pili!"

"Wee mwanangu, subiri kidogo."

Ni Salima. Siku hizi naye ni bibi, magoti yanamsumbua, anatembea kwa fimbo. Akajikongoja mpaka kwenye jiwe, akaitupa fimbo, akapiga magoti pale mbele, vilevile alivyokuwa akipiga. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa noti iliyokunjwa mara nne, akaiweka shimoni. Halafu akamgeukia mama yangu. "Mama, jiwe halilali na njaa."

Kisha akainuka mama mwingine, na mwingine. Wengine walisaga pale kwa mikono yao, wengine wanasema, "Mimi sikuwahi, ila mama yangu alisaga hapa mwaka wa njaa." Mmoja hakuwa na hela, akachota kiganja cha uwele kwenye gunia alilolileta kuuza, akakimimina juu ya noti. Hata Elia alikuja, uso chini, akatoa alichonacho, na mama akamshika mkono. Nilikuwa nalia waziwazi, sioni haya kusema. Nilidhani wote wamesahau.

Yule mgeni akaja mwisho. Akavua kofia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu mlisaga wapi, baba?"

Akafikiri kidogo. "Bibi yangu alikuwa na lake, mama. Sijui liliko." Akaweka noti zake shimoni pamoja na za wengine, nyingi, akarudi kukaa. Akamwambia kijana, "Mimi najitoa."

Kijana wetu akachanganyikiwa na daftari lake. "Sasa bibi zangu, mnunuzi nimwandike nani?"

Mama ndiye aliyejibu, sauti yake ile ya alfajiri. "Waandike waliosaga."

Paa limeezekwa. Vile vibuyu na vigoda vilivyokuwa vimeshanunuliwa, wanunuzi wenyewe walivirudisha jioni ileile, mmoja mmoja, bila kuombwa. Watu wa kwetu hawa! Unaweza kuwasema kwa mengine, lakini si kwa hili. Jiwe limekaa mlangoni, na kibao chake kimeandikwa kama mama alivyosema. Juzi nilipeleka watoto wa shule, mmoja akalizunguka mara mbili akaniuliza, "Bibi, swichi yake iko wapi?" Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikampigisha magoti, nikampa punje chache asukume. Akasukuma mara tatu, akasema mikono inauma.

Mama hawezi tena kutembea mpaka pale, lakini kila Ijumaa ananipa unga kiganja kimoja, umefungwa kwenye kitambaa, nikauache shimoni. Kila nikirudi wiki inayofuata nakuta umechukuliwa. Ni ndege au ni mtu, sijauliza, na mama amenikataza kuuliza.

Kwangu unga natoa dukani, umefungwa kwenye mfuko, umeandikwa uzito. Ni mweupe, ni laini, hauna mchanga hata chembe, na sikuupigia goti. Jana jioni nilisonga ugali, nikabakiwa na unga kiganjani. Nikasimama mlangoni nao, nikasikiliza. Enzi zetu ningejua ni nyumba gani imenyamaza. Siku hizi zote zimenyamaza, na sikujua nimpelekee nani.